Neno Moja kwa Mitindo Mitano: Jinsi ya Kuchagua Herufi za Grafiti

Anayetaka jina liandikwe ukutani, awe mwenye duka la nguo, kikundi cha vijana kilichopewa ukuta wa shule, mmiliki wa matatu au mwanafunzi anayejaza daftari lake la kwanza, hukwama mahali pamoja: aandike kwa mtindo gani? Wengi hujibu kwa macho tu. Mtu huona picha kwenye simu, akaipeleka kwa mchoraji na kusema anataka kama ile. Lakini herufi hizi hazikutokea hewani. Kila mtindo ulizaliwa juu ya kitu fulani, kiwe behewa la treni, ukuta wa kando ya mto au kilele cha ghorofa, kwa zana zilizokuwapo, na kwa ajili ya msomaji aliyekusudiwa. Anayeuhamisha bila kuyajua hayo anaweza kulipia ukuta wa kupendeza ambao hakuna mteja hata mmoja anayeweza kuusoma.

Makala haya yanalinganisha mitindo mitano: herufi za puto, herufi za bloku na waildistaili (herufi zilizosokotana kwa mishale na viungo), ambazo zote zilitoka New York, placa za Los Angeles, na pixo ya São Paulo. Kuna mingine mingi, ila aliyeielewa hii mitano ataitambua mingine kwa urahisi, kwa kuwa mingi ni watoto au wajukuu wake.

Vigezo

Kila mtindo utapimwa kwa mambo matano yaleyale. La kwanza ni asili, kwa sababu herufi hubeba historia yake hata pale anayeziandika asipoijua, na huenda miongoni mwa watazamaji wakawamo wanaoijua. La pili ni msomaji: nani ataweza kusoma, kwa umbali gani, na akiwa amesimama au anapita. La tatu ni rangi, zana na muda, ambavyo kwa mwenye mfuko mwepesi ndivyo huamua kila kitu. La nne ni ugumu wa kujifunza. La tano ni mtu au kazi inayofaa.

Ningeomba la pili lipewe uzito zaidi. Dondi White wa Brooklyn (1961–1998), aliyeheshimiwa na wenzake kama bingwa wa mtindo, alieleza kwamba alipowaandikia waandishi wenzake alitumia herufi zilizosokotana, na alipouandikia umma alitumia herufi zilizonyooka. Huyo alikuwa mtu aliyeimudu mitindo yote miwili, na bado alianza na msomaji. Nimesema waandishi kwa makusudi, kwani hivyo ndivyo walivyojiita. Wengine, akiwemo Phase 2 tutakayemkuta hivi punde, hawakulipenda hata neno grafiti lenyewe.

Ili ulinganisho usiwe wa maneno matupu, niliandika neno SAFARI kwa mitindo yote mitano, kila mmoja kwenye karatasi yake, kwa kalamu nene nyeusi, kisha nikazipeleka karatasi hizo kwa mama anayepika chapati karibu na ninapoishi na kwa kijana wa bodaboda anayesubiri abiria hapo hapo. Huo si utafiti, ni kuuliza majirani, lakini majibu yao nitayataja. Neno lenyewe ni zuri kwa kazi hii: lina mikunjo ya S, pembe za A mbili, mikono ya F, tumbo na mguu wa R, na mwishoni I, ambayo haina chochote cha kuchezea.

Herufi za puto

Asili. Mwanzoni majina yaliyoandikwa kwenye treni za New York yalikuwa saini tu. TAKI 183, kijana wa asili ya Kigiriki aliyekaa mtaa wa 183 huko Manhattan na kufanya kazi ya utarishi, alijulikana kwa wingi wa jina lake wala si kwa uzuri wa herufi zake. Gazeti la New York Times lilipoandika habari zake Julai 1971, vijana wengi zaidi walianza kuandika, na wingi huo ndio ulioleta haja ya mtindo: mabehewa yalipojaa saini, jina jembamba halikuonekana tena. Super Kool 223 alichomoa kipulizio cha kopo la rangi, yaani kile kitufe cha juu, akapachika kingine chenye tundu pana kilichotoka kwenye kopo la bidhaa ya nyumbani, na mstari ukanenepa. Mwishoni mwa mwaka 1972 Phase 2 wa Bronx aliupa unene huo umbo: herufi zilizovimba, zisizo na pembe, zilizoegemeana. Kadiri alivyozigeuza ndivyo alivyozipa majina, nyingine zikiwa kama mawingu, nyingine zikichuruzika kama rangi mbichi.

Msomaji. Karibu kila mtu anazisoma, ilmradi neno lisiwe refu. Katika SAFARI yangu, matundu ya A yalibaki kama jicho la sindano, na R ikafanana mno na A iliyotangulia, lakini mama chapati hakusita: «Safari. Mbona umeipanga kama maandazi kwenye sinia?»

Rangi, zana na muda. Kati ya mitindo yenye mwili, huu ndio wa haraka kuliko yote, na ndiyo maana ulizaa uandishi wa chapuchapu wa herufi mbili au tatu, rangi moja ya kujazia na nyingine ya mzingo, yaani mstari unaoizunguka herufi, unaokamilika kwa dakika moja au mbili. Kwa kazi ya halali, haraka hiyo inamaanisha makopo machache na fundi wa nusu siku.

Kujifunza. Ni rahisi kuanza. Kosa la wanaoanza ni kuchora kila herufi peke yake, kila moja ikielea kama puto la sherehe ya kuzaliwa, wakati uhai wa mtindo huu umo katika kubanana: herufi zinapaswa kusukumana kama abiria wa kiti cha nyuma, kila moja ikibonyea pale jirani yake anapomwegemea.

Anayefaa. Chekechea, duka la vifaa vya watoto, saluni, na mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Uchangamfu wake haufichiki, kwa hiyo kwa ukuta wa kumbukumbu ya marehemu ningeuepuka.

Herufi za bloku

Asili. Blade na Comet, nao wa New York, ndio wanaotajwa zaidi kwa herufi hizi kubwa za pembe nne, zilizokusudiwa kufunika behewa kutoka ncha moja hadi nyingine. Treni za Bronx hupita juu ya reli zilizoinuliwa, hivyo jina lilionekana kutoka barabarani na kwenye madirisha ya majumba. Herufi ilibidi isomwe na mtu aliye mbali na kitu kinachokwenda kasi. Wakati mwingine waliziinamisha, moja mbele na nyingine nyuma, ili ukubwa usigeuke uzito mtupu.

Msomaji. Kila mtu. Kijana wa bodaboda aliisoma karatasi hii akiwa ng'ambo ya barabara, kabla sijamwambia kwamba ni mtihani.

Rangi, zana na muda. Hapa ndipo mfuko unapoumia, kwa sababu eneo la kujaza ni kubwa. Kopo la kawaida la mililita 400 hufunika takriban mita moja hadi mbili za mraba, kutegemea ukuta unavyonyonya, na ukuta wa plasta isiyopakwa kitu hunyonya kwa uchu. Dawa yake ni kujaza mwili wa herufi kwa rola na rangi ya maji ya ndoo, kisha kuacha rangi ya kupuliza kwa mzingo na vivuli peke yake. Muda nao usidharauliwe. Mpiga picha Martha Cooper alipomfuata Dondi kwenye yadi ya treni ya New Lots mwaka 1980 ili ampige picha akipaka behewa zima aliloliita «Children of the Grave», ilikuwa kazi ya usiku, na huyo alikuwa mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wengi.

Kujifunza. Watu huzidharau kwa kuwa zinaonekana nyepesi. Kwa kweli hazina pa kuficha kosa: nguzo moja ikiwa nyembamba kuliko nyenzake, jirani yeyote ataiona hata asipojua kwa nini ukuta unamkera. Ugumu mkubwa ni nafasi kati ya herufi. A iliyokaa kando ya R huacha pengo la pembetatu juu yake, na wajuzi hulitibu kwa kuigeuza A kuwa sanduku lenye tundu dogo kati na mkato chini.

Anayefaa. Mwenye duka, mwenye gereji, kikundi chenye ujumbe kwa umma, na mwanafunzi anayetaka msingi imara. Anayetaka kuonekana mkali mbele ya wenzake ataona umri unakwenda bila sifa.

Waildistaili

Asili. Huu ndio mtindo wenye habari nyingi kuliko yote, na wenye ubishi mwingi pia. Jina linatokana na kundi la Wild Style, lililoanzishwa Bronx na Tracy 168 mwaka 1974, lakini herufi zenyewe hazikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Phase 2, yuleyule wa puto, aliziongezea mishale na viungo vya kuunganishia. Riff 170 na wengine walichukua umbo la jirani, wakalipinda na kulirudisha likiwa kali zaidi, kwa kuwa katika mashindano yale kuiga bila kuongeza kitu kulikuwa aibu. Kase 2, aliyepaka rangi kwa mkono mmoja baada ya kuupoteza mwingine utotoni, alizivunja herufi vipandevipande na kuzipanga upya kwa namna aliyoipa jina lenye neno kompyuta, wakati kompyuta zilikuwa bado vitu vya maofisini. Rammellzee wa Queens alikwenda mbali kuliko wote. Alifundisha kwamba herufi ni silaha, na kwamba vijana wa treni walikuwa wakiendeleza vita vya watawa wa Ulaya ya kale, walioremba miswada mpaka maaskofu wao wakashindwa kuisoma. Siichukulii hiyo kama historia, lakini sijapata maelezo yanayoeleza vizuri zaidi kwa nini mtu akeshe akilificha jina lake mwenyewe.

Mwaka 1983 zilitoka filamu mbili, Wild Style na Style Wars, na mwaka 1984 kikafuata kitabu cha picha cha Subway Art cha Martha Cooper na Henry Chalfant. Vijana wa Ulaya waliokuwa hawajawahi kuliona behewa la New York walikalia picha hizo na penseli mkononi. Paris ilimpata Bando. London ilimpata Mode 2, ambaye, kwa faida ya wasomaji wa Bahari ya Hindi, alizaliwa Mauritius. Baadaye Daim wa Hamburg aliondoa kabisa mstari wa mzingo na kuzijenga herufi kwa mwanga na kivuli, mpaka zikaonekana kama vyuma vinavyotoka ukutani. Huko New York kwenyewe, tarehe 12 Mei 1989 mamlaka ya usafiri iliondoa njiani treni ya mwisho yenye maandishi. Kufikia siku hiyo mtindo ulikuwa umekwisha kuhama.

Msomaji. Mwandishi mwenzako, na yeye kwa kutulia. Mama chapati aliigeuza karatasi juu chini, akauliza: «Hii ni nini, mwanangu, ramani ya mabomba?» Kijana wa bodaboda aliitazama kwa muda mrefu zaidi, kisha akasema kwa uhakika kwamba hilo ni jina la nganya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro, ila hajui ni ipi. Jibu lake lilinifurahisha kuliko lingine lolote, kwa maana hakusoma herufi hata moja, na bado alijua anatazama kitu cha namna gani. Mtu anayeagiza waildistaili anapaswa kujiuliza kama kutambuliwa hivyo kunamtosha.

Kujifunza. Nieleze ilivyojengwa, kwa kuwa ugumu wake hauonekani kwa kutazama. Nilianza na SAFARI ya herufi zilizonyooka, kwa penseli hafifu. Mkia wa S niliushusha chini ya A ya kwanza ukaibukia upande wa pili kama mshale. Mkono wa juu wa F niliurefusha mpaka ukawa mwamba wa kati wa A ya pili, hivyo herufi mbili zikala kiungo kimoja. Mguu wa R niliupitisha mbele ya I na kuuzungusha nyuma yake, kwani I ikiachwa peke yake hapo mwishoni huonekana kama mlingoti uliosahaulika. Kisha ikaja kazi yenyewe: kila mahali vipande viwili vinapokutana ni lazima uamue kipi kipite juu na kipi kipite chini, kama msusi wa ukili anavyoamua kwa kila unyuzi, na ukikosea mara moja jicho la mtazamaji huingia humo lisitoke. Mimi nilikosea mara tatu. Wajuzi hukubaliana kwamba asiyeweza kuandika herufi iliyonyooka vizuri hawezi kuipinda, maana hajui anachokipinda. Mishale iliyobandikwa juu ya herufi dhaifu ni mapambo ya kufunika ufa.

Rangi, zana na muda. Rangi nyingi tofauti, vipulizio vya upana mbalimbali, ukuta laini, na siku moja au mbili za fundi aliyelipwa kwa ujuzi wake. Mchoro kamili kwenye karatasi ni wa lazima. Bila huo fundi anabuni juu ya ngazi kwa gharama yako.

Anayefaa. Mwandishi anayetafuta heshima ya wenzake, studio ya muziki, ukumbi wa dansi, duka la viatu linalowalenga vijana, na nganya. Pale Nairobi wachoraji wa matatu wamepata suluhisho ambalo hata mabingwa wa Bronx wangelielewa: jina la gari husokotwa watakavyo, huku namba ya njia, iwe 58 ya Buruburu au 125 ya Rongai, ikibaki wazi ili abiria asipande gari lisilo lake. Sanaa hiyo ilibanwa Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa na kila matatu kutakiwa kuwa na mstari wa manjano, kisha ikarudi. Anayeagiza kazi ya namna hiyo aulize kwanza kanuni zinazotumika wakati huo.

Placa za Los Angeles

Asili. Placa ni jina la Kihispania ambalo Wamarekani wenye asili ya Meksiko mjini Los Angeles huita maandishi ya mitaa yao, na utamaduni huo ulikuwapo miongo kadhaa kabla ya treni za New York. Herufi zimenyooka, ni kubwa zote, nyingi nyeusi, na umbo lake linafuata herufi za Kigothi ambazo watu walizoea kuziona kwenye vyeti na kwenye kichwa cha gazeti la Los Angeles Times. Hapo pana jambo la kutafakari: vijana waliotengwa na taasisi walichukua mwandiko wa taasisi ili jina la mtaa wao lipate uzito wa hati rasmi. Mara nyingi jina la kundi hukaa juu, na chini yake hufuata orodha ya majina ya wenyewe. Chaz Bojórquez, aliyezaliwa mwaka 1949, ndiye aliyeupeleka mwandiko huu kwenye majumba ya sanaa. Alijifunza pia kaligrafia ya Asia, na mwaka 1969 alianza kupaka kwa kiolezo fuvu lililovaa kofia, aliloliita Señor Suerte. Mchoro wake wa orodha ya majina wa mwaka 1980 umo katika hifadhi ya makumbusho ya sanaa ya Smithsonian.

Msomaji. Wengi husoma, ila polepole. Mama chapati alisoma SAFARI baada ya kusita kwenye S, akauliza kama ni jina la kanisa.

Rangi, zana na muda. Gharama yake ni ndogo. Rangi moja nyeusi juu ya ukuta mweupe inatosha, na brashi bapa hufanya kazi nzuri kuliko kopo. Muda hutumika katika kupiga mistari ya kuongozea na kupanga maneno katikati.

Kujifunza. Unadai subira na mkono usiotetemeka, na aliyewahi kujifunza hati ya Kiarabu kwa kalamu ya mwanzi ataanza akiwa mbele ya wenzake, kwa kuwa tayari anajua kwamba unene wa mstari unatokana na pembe ya kalamu.

Anayefaa. Kinyozi, fundi wa tatuu, ukuta wa kumbukumbu, jalada la muziki, na yeyote anayetaka herufi zenye uzito wa heshima. Tahadhari ni moja: huko kwao baadhi ya placa ni mipaka ya magenge. Chukua umbo la herufi, lakini usinakili kutoka kwenye picha ya ukuta majina au namba ambazo huzijui.

Pixo

Asili. Wakati wa utawala wa kijeshi nchini Brazili, wapinzani waliandika kaulimbiu kwa lami ukutani, na kutokana na neno la lami ndipo lilipotoka jina pichação. Vijana wa São Paulo wa miaka ya 1980 waliliandika kwa x, pixação, wakaacha kaulimbiu na kuandika majina yao. Umbo la herufi walilipata kwenye majalada ya muziki wa metali na panki, ambayo nayo yalikuwa yameazima maandishi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini, hivyo mwandiko wa kale ulivuka bahari kwa njia ya sahani za muziki na kuishia kwenye maghorofa ya tropiki. Waandishi hupanda kwa kushika madirisha, au husimama juu ya mabega ya wenzao, na wapo waliokufa kwa kuanguka. Mwaka 2008 kundi lao liliingia kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya São Paulo na kuandika kuta za ghorofa lililoachwa tupu kwa makusudi. Mwaka 2012 baadhi yao walialikwa kwenye maonyesho ya Berlin. Sheria ya Brazili ya mwaka 2011 ilitenganisha rasmi grafiti yenye idhini ya mwenye jengo na pichação, na hii ya pili ikabaki kosa.

Msomaji. Wenyewe tu, na hilo hawaliombei radhi. Majirani zangu wote wawili walishindwa. Hata hivyo pixo inasomeka kwa utaratibu wake: herufi zote zina kimo kimoja, nyembamba na ndefu, na kimo hicho hupangwa na jengo, yaani nafasi iliyopo kati ya dirisha la chini na la juu.

Rangi, zana na muda. Rola, kijiti na rangi nyeusi. Hakuna mtindo wa bei nafuu zaidi.

Kujifunza. Umbo moja moja ni rahisi. Kupata alfabeti nzima yenye ukoo mmoja ni kazi ya miaka.

Anayefaa. Msanifu wa fonti, mchoraji wa mabango ya muziki mzito, mwanafunzi wa usanifu majengo anayetaka kuona jinsi herufi inavyoweza kutii ukuta. Iandikwe kwenye karatasi au kwenye ukuta ulioruhusiwa. Mwenye duka wa kawaida hana la kufanya nayo.

Kuchagua kwa hali yako

Kama ukuta wako uko kando ya barabara na wasomaji wako wanapita kwa gari, herufi za bloku zitakuhudumia kuliko nyingine, na kama bajeti ni ndogo, jaza kwa rola. Kama wasomaji ni watoto, puto. Mwaka 2013, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, wachoraji walipopaka ujumbe wa amani kwenye mabehewa ya treni ya abiria inayopita Kibera, kwa idhini ya wenye reli, msomaji wao alikuwa kila mtu aliyesimama kando ya reli. Ujumbe wa namna hiyo haupaswi kufichwa ndani ya mishale.

Kama unataka vijana wa rika fulani wajue mara moja kwamba mahali hapa ni pao, hata wasiposoma jina, agiza waildistaili, lakini muombe fundi akuonyeshe kwanza herufi zake zilizonyooka. Akikataa au akisema hana, tafuta mwingine. Unaweza pia kuchanganya kama wafanyavyo wa nganya: jina lisokotwe, na chini yake huduma na namba ya simu ziandikwe kwa bloku.

Kama kazi ni ya heshima au huzuni, placa inastahili kufikiriwa, hasa pale fedha inapotosha rangi moja tu. Kama wewe ni mwanafunzi, fuata mpangilio ambao wengi wamepitia: saini kwanza, kisha bloku, puto, na waildistaili baada ya mwaka au zaidi, huku pixo na placa zikikufundisha jinsi mwandiko mwingine unavyofikiri. Vyovyote iwavyo, idhini ya mwenye ukuta iwe ya maandishi, kwa sababu askari akifika hataangalia mtindo.

Na ikiwa bado umekwama kati ya miwili, andika neno lako kwa mitindo hiyo kwenye karatasi mbili, zibandike ukutani pale pale kazi itakapokuwa, rudi nyuma hatua ishirini, na umwombe mpita njia wa kwanza akusomee.